Anayetaka Kuacha Pombe Asiende Peke Yake

Ndugu msomaji, Jumapili hii naomba tuzungumze jambo ambalo katika nyumba nyingi za mjini hunong'onwa jikoni, wala halisemwi sebuleni mbele ya wageni. Nalo ni hali ya yule mmoja wa nyumbani, awe baba, mama, kaka au kijana, ambaye pombe imemshinda. Simsemi mtu anayekunywa chupa moja arusini akarudi kwake akalala. Namsema yule asiyeweza kuianza siku bila kuzimua. Yule ambaye mshahara wake humalizikia njiani kabla ya kuufikia mlango wa nyumba. Yule ambaye ameapa mara kumi kwamba anaacha, na katika viapo vyote kumi alikuwa mkweli wakati akiapa.

Neno hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulitafakari. Aghalabu tunamhukumu mlevi kuwa ni mwongo. Yamkini si mwongo. Anataka kuacha, lakini anataka kuacha peke yake, kimya kimya, pasipo mtu kujua, ili siku moja watu wazinduke tu na kumwona amekwisha kuwa mtu mwingine. Nami nimejifunza, kwa gharama kubwa katika ukoo wetu, kwamba njia hiyo ya upweke ndiyo inayowashinda wengi.

Mdogo wangu ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisitaje jina lake wala mahali anapofanya kazi. Yeye ni fundi wa mitambo, na mikono yake ilisifiwa tangu ujanani. Alianza kwa bia za siku ya mshahara. Baadaye akawa mtu wa viroba, ambavyo vilikaa vizuri katika mfuko wa shati hata saa za kazi. Viroba vilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi, 2017, mama yetu alimshukuru Mungu akidhani mambo yamekwisha. La hasha. Viroba vilipigwa marufuku, kiu haikupigwa marufuku. Mdogo wangu alihamia kwenye chupa, na bei ya chupa ilipomshinda akahamia kwenye gongo.

Mwaka mmoja aliamua kuacha kwa nguvu zake mwenyewe. Alijifungia chumbani siku ya Ijumaa. Jumamosi jioni alikuwa akitetemeka na kutokwa jasho, akitulalamikia kwamba siafu wanapanda ukutani, na ukuta ulikuwa mweupe hauna kitu. Usiku ule alianguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani.

TAHADHARI

Hapa, ndugu msomaji, nitasimama kidogo kwa sababu jambo hili linaweza kuokoa maisha. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula bila kumwona mganga. Mwili wake umekwisha kuizoea pombe, na ikikatika kwa mara moja huanza kuasi. Kutetemeka huweza kuanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Kuanguka kama mwenye kifafa huweza kutokea katika siku mbili za mwanzo. Na kuchanganyikiwa kwa hatari, pamoja na kuona yasiyokuwapo, huja aghalabu kati ya siku ya pili na ya nne. Watu hufa kwa hali hiyo. Hospitalini zipo dawa za kuutuliza mwili kwa siku hizo chache, na mgonjwa hupewa pia vitamini B1, ambayo ulevi wa muda mrefu huimaliza mwilini. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni wa hospitali.

Mdogo wangu alilazwa siku sita. Alipokuwa akitoka, muuguzi mmoja mtu mzima alimwambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, dawa za siku sita tumekupa sisi. Dawa za siku zilizobaki ziko kwa wenzako." Ndipo akamweleza habari za mikutano ya watu wanaosaidiana kuacha pombe, na akamwandikia kwenye karatasi siku, saa na mahali.

AIBU YA LANGONI

Mkutano ulikuwa Jumanne jioni, katika chumba kilichomo ndani ya uwanja wa kanisa. Mdogo wangu aliposikia hivyo alisita. "Kaka, mimi Mwislamu. Nitaingiaje kanisani kutibiwa pombe? Watu watasema mangapi?" Nilimwomba twende tukaone kwanza. Tulifika langoni dakika kumi kabla ya wakati. Akachungulia, akamwona mtu mmoja anayemfahamu, mzee mmoja wa mtaa wa pili, akiingia. Palepale akageuka. Tulirudi nyumbani kwa miguu, wala hatukusemezana.

Juma zima alikaa kimya. Jumatatu usiku alikuja kunigongea mlango. Akasema, "Kaka, nimefikiri. Kama yule mzee ameniona mimi, basi na mimi nimemwona yeye." Nikamwuliza ana maana gani. Akajibu, "Maana yake sote tunakwenda kutafuta kitu kimoja. Atanicheka vipi?"

Ndugu msomaji, kama wewe nawe umewahi kurudi kutoka langoni, yashike maneno hayo ya fundi. Hakuna anayeingia chumba kile kwa bahati mbaya. Anayekutambua mle ndani ametambulika naye.

DAKTARI WA AKRON

Mikutano ile ni ya umoja uitwao Alcoholics Anonymous, ambao wengi huutaja kwa herufi mbili tu, AA. Maana ya jina hilo ni walevi wasiotajwa kwa majina yao. Asili yake ni nchini Marekani, na kisa chake kinafaa kusimuliwa.

Mwezi Mei, 1935, mtu mmoja wa New York aitwaye Bill Wilson, aliyefanya kazi ya biashara ya hisa, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa amekaa miezi mitano bila kunywa. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Basi akasimama katika ukumbi wa hoteli, hana fedha za kutosha, amevunjika moyo, na upande mmoja wa ukumbi anasikia vicheko vya watu walioko kwenye baa. Alijua kwamba akiingia mle hatatoka salama. Akauendea upande wa pili, palipokuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji ule, akaanza kupiga simu, akiomba akutanishwe na mlevi yeyote wa kuzungumza naye.

Angalia vizuri hapo. Hakutafuta mhubiri wa kumwombea, wala daktari wa kumtibu. Alimtafuta mlevi mwenzake, naye aliamini kwamba akizungumza na mtu wa namna hiyo atajiokoa yeye mwenyewe kwanza.

Akapelekwa kwa daktari mpasuaji wa mji ule, Robert Smith, ambaye ulevi ulikuwa umekaribia kumharibia kazi. Walikutana Jumapili tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni. Daktari alikuwa amekubali dakika kumi na tano tu. Waliachana baada ya saa tano usiku. Daktari alieleza baadaye kwamba wengi walikuwa wamekwisha kumpa mawaidha, ila huyu alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye juu ya ulevi kwa kuujua mwilini mwake.

Na msidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Haukupita mwezi, daktari alisafiri kwenda kwenye mkutano wa waganga akalewa tena. Alirudi, akasaidiwa tena, na tarehe 10 Juni, 1935, akanywa kinywaji chake cha mwisho. Hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Siku hiyo ya tarehe 10 Juni ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa umoja wenyewe. Mwaka 1939 walitoa kitabu chao, ambamo waliziandika Hatua 12 za kuacha ulevi na kutengeneza yale mtu aliyoyaharibu.

NDANI YA CHUMBA

Jumanne ya pili tuliingia. Ulikuwa mkutano wa wazi, yaani ule ambao hata ndugu au mgeni anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Ipo mingine ambayo ni ya wenye tatizo wenyewe tu. Kwa hiyo, msindikizaji, uliza kwanza. Niliyoyasikia humo sitayaandika, kwa sababu sheria ya kwanza ya chumba kile ni kwamba yanayosemwa humo hubaki humo. Lakini namna mkutano unavyokwenda naweza kuieleza, kwa faida ya yule anayeogopa asilolijua.

Kulikuwa na viti, birika la chai na watu wapatao kumi na watano. Hapakuwa na daftari la kujiandikisha. Hakuna aliyetuuliza kitambulisho, kabila, dini wala kazi. Mwongozaji alisoma maneno machache ya ufunguzi, kisha mmoja baada ya mwingine akazungumza kwa dakika chache, akianza kwa jina lake la kwanza tu na kusema kwamba yeye ni mlevi. Katika lugha yetu neno hilo ni tusi, na mdogo wangu alishtuka kulisikia likisemwa kwa utulivu, kama mtu anavyosema "mimi nina kisukari". Mwenzako anapozungumza humkatizi, humjibu, wala humpi mawaidha. Asiyetaka kusema husema "leo nitasikiliza tu", na huachwa. Mdogo wangu alisikiliza tu kwa mikutano mitatu. Mkutano ulichukua muda wa saa moja.

Kuhusu gharama, hakuna ada. Kikapu hupitishwa, mwenye chochote hutia, asiye nacho hukipitisha. Fedha hizo hulipia chumba na chai. Umoja huo haupokei misaada kutoka nje, hata akitokea tajiri wa kuutolea. Huo ni mwiko wao, uliomo katika Mila 12 walizozipitisha mwaka 1950. Sisi tuliolelewa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 hatuna haja ya kuelezwa maana ya kujitegemea. Masharti ya kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha kunywa.

Kuhusu dini, ni kweli kwamba Hatua 12 zinamtaja Mungu, na mikutano mingi hufungwa kwa sala fupi. Lakini umoja huo si wa dhehebu lolote, na kila mtu huachiwa kumwelewa Mungu kwa imani yake. Chumba cha kanisa hukodishwa kama vile ambavyo kingekodishwa chumba cha shule. Mdogo wangu huswali Magharibi kwanza, kisha huenda mkutanoni.

KUTELEZA

Nisingependa kukudanganya kwamba mambo yalikwisha Jumanne ile. Alikaa miezi minne. Mwezi wa tano, siku ya mshahara, wenzake wa kazini walimpitia, naye hakurudi nyumbani mpaka Jumapili. Aliona haya kurudi mkutanoni kuliko alivyoona mara ya kwanza, kwa kuwa sasa alikuwa na watu wa kuwaaibisha. Yule mzee wa mtaa wa pili ndiye aliyemfuata. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kiti chake kipo, na kwamba yeye mzee aliteleza mara tatu kabla ya kusimama. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini muuguzi alisema "wenzako". Mimi, kaka yake wa tumbo moja, nisingeweza kuyasema maneno hayo na kuaminika.

Mzee huyo sasa ni kama mlezi wake. Katika umoja huo kila mgeni hushauriwa kumchagua mmoja aliyetangulia, wa jinsia yake, ambaye ana namba yake ya simu na anaweza kumpigia saa yoyote kiu inapompanda. Siku ya mshahara hukutana kabla ya saa za kutoka kazini. Huo ndio utaratibu wao wawili, na umefaa.

Watu wenye elimu watauliza: je, kuna ushahidi? Upo. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, walichapisha uchunguzi wa tafiti 27 zilizohusu watu 10,565. Waliona kwamba mipango ya tiba iliyowaelekeza wagonjwa kwenye mikutano ya AA na Hatua 12 iliwasaidia wengi zaidi kuacha kabisa kuliko aina nyingine za tiba ya mazungumzo zilizolinganishwa nayo. Haina maana kwamba humfaa kila mtu. Wako wanaohitaji pia dawa za hospitali, na wako wenye huzuni kubwa au ugonjwa mwingine wa akili, ambao sharti utibiwe pamoja na ulevi. Mikutano haimkatazi mtu kumeza dawa alizoandikiwa na mganga wake. Na tusilichukulie jambo hili kuwa dogo: Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee pombe ilisababisha vifo vya watu milioni 2.6 duniani, na milioni 2 kati yao walikuwa wanaume.

WAPI PA KUTAFUTA

Msomaji atauliza aanzie wapi. Anzia kliniki ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu nawe. Wenye ulevi hupokelewa huko, wala kwenda huko si kuitwa kichaa. Waulize waganga, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii, maana mara nyingi wao ndio wanaojua kundi gani hukutana wapi. Pili, ziulize nyumba za upataji nafuu. Nyingi hufuata Hatua 12, na waliotoka humo hujuana. Huko Unguja nyumba za namna hiyo zimekuwapo tangu mwaka 2009. Tatu, waulize viongozi wa misikiti na makanisa, kwa kuwa wenye vyumba hujua nani anavitumia. Nne, ikiwa una simu yenye intaneti, AA yenyewe hutoa orodha za mikutano ya nchi mbalimbali, na siku hizi ipo hata mikutano inayofanywa kwa njia ya simu, ambayo ilienea sana wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020. Kabla ya kwenda, uliza mambo matatu: mkutano ni wa wazi au wa wenyewe tu, unafanywa kwa lugha gani, na siku ile bado ni ile ile, maana makundi huhama. Na ukienda mara moja usipopapenda, jaribu kundi jingine kabla ya kukata shauri.

Je, wewe uliye katika mji mdogo, ambako umeuliza kote na hakuna kitu? Mila za umoja huo zinasema kwamba walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe, wanaweza kujiita kundi, mradi kama kundi wasifungamane na chombo kingine. Wawili tu! Bill na yule daktari walikuwa wawili. Mtafute mmoja anayetaka kuacha kama wewe, kubalianeni siku, saa na kivuli cha mwembe.

WA NYUMBANI

Nimalizie kwa mke, mume, mama na kaka wa mlevi. Kwa miaka mingi mimi nilidhani namsaidia mdogo wangu. Nilimlipia madeni ya kilabuni. Nilimpigia simu msimamizi wake kusema ana malaria. Mkewe alimwaga chupa, akapekua mifuko, akakesha. Yote hayo yalimpunguzia maumivu ya ulevi wake, nasi yakatuongezea. Leo nasema hivi: mpe chakula, mpe nauli ya kwenda mkutanoni, msindikize mpaka langoni, lakini usimpe fedha mkononi wala usimdanganyie mwajiri wake. Mzungumzie asubuhi akiwa na akili zake, si usiku akiwa amelewa. Akikupiga wewe au watoto, ondokeni kwanza mpate usalama na mtoe taarifa. Subira haidaiwi hapo.

Nanyi pia msibaki peke yenu. Mwaka 1951 Lois, mke wa yule Bill, pamoja na mwenzake, walianzisha umoja wa jamaa za walevi uitwao Al-Anon, baada ya kuona kwamba wake waliowasindikiza waume zao mikutanoni walikuwa na majeraha yao wenyewe. Palipo na kundi la AA, uliza kama lipo na hilo. Kama halipo, mke wa mlevi mmoja na mke wa mlevi mwingine ni watu wawili tayari.

Mdogo wangu ametimiza miezi kumi na moja tangu alipoteleza. Yeye mwenyewe hahesabu miezi. Husema "leo sijanywa", na kesho atasema la kesho. Siku hizi hutangulia kufika ili apange viti na kuchemsha chai. Jumanne iliyopita alinipitia akirudi, uso umemkunjuka kwa furaha, nikamwuliza kuna nini. "Kaka," akasema, "leo tulipata mgeni. Alisimama langoni muda mrefu, nikatoka nikamwambia karibu, hata mimi mara ya kwanza niligeuka."

Hadi Jumapili ijayo, ndugu msomaji, nakutakia juma jema wewe na wote wa nyumbani kwako.